Diski ya Baba Mdogo

Juzi nilikwenda kununua mafuta kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikakuta wanatoa mashudu. Yalikuwa bado ya moto. Ile harufu ya mbegu iliyobanwa hadi ikaungua kidogo ilinishika tumboni kabla sijajua ni harufu ya nini, nikageuka na chupa yangu tupu nikarudi nyumbani. Kuna watu harufu hiyo huwatia njaa. Mimi hunitia woga, na nimeona niandike sababu yake, ingawa niliishia darasa la saba na sina hakika kama mambo ya namna hii yanaandikika. Mahali nitakapokosea, si kwa kutaka. Nilikuwa mtoto, na mtoto huona nusu, nusu nyingine akaijaza mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa Ulemo, mimi na baba tu. Yeye na mama walikuwa wameachana, mama alirudi kwao Mkalama, na sitaki kumsema hapa kwa sababu hayupo kujitetea. Baba alikuwa karani wa ushirika hadi soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na makarani wakarudishwa nyumbani na makoti yao ya ofisini. Kile alichopewa cha kumuaga alinunulia kompyuta iliyokwisha kutumika na printa yake. Akapanga chumba kimoja kilichogusana ukuta na mashine ya alizeti. Waya ulipita kwenye tundu la ukuta kutoka kwenye jenereta yao, kwa hiyo mashine ikikamua na sisi tulikuwa na umeme, ikinyamaza na sisi tulinyamaza. Mtu alipomwaga gunia zima kwa mpigo, taa ilififia, na baba aliinua mikono juu ya kibodi akangoja, kama mtu anayepisha ng'ombe njiani.

Kazi kubwa aliyokuwa nayo ilikuwa moja. Wakulima wa alizeti walitaka kuandikishwa kama kikundi, wawe na mashine yao wenyewe, na bwana ushirika wa wilaya alikuwa aje kuchukua katiba yao na majina ya wanachama, yamechapwa vizuri. Baba aliyachapa kwa wiki nyingi. Watu walikuja mlangoni kusahihisha jina la babu au mwaka wa kuzaliwa ambao hakuna aliyeujua. Jioni moja, tukila, aliniambia bila kunitazama, "Kazi hii ikienda vizuri, mama, ofisi itasimama. Isipokwenda, mimi nitatafuta machimbo huko mbele, na wewe utakaa kwa shangazi yako Manyoni."

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nilijibu, "Sawa, baba." Machimbo niliyajua kwa kusikia tu: baba wa watoto wawili darasani kwetu walikwenda huko, na hao watoto hawakuwa wakisema tena "baba amesema."

Kompyuta ile baba hakuijua peke yake. Alifundishwa na mdogo wake, Baba Mdogo Msengi, aliyefanya kazi katika ofisi moja Manyoni na kukaa kwa shangazi. Akija kwetu likizo alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta hadi jenereta izimwe. Yeye ndiye aliyeleta habari ya diski ya pili. "Kaka," alimwambia baba, "mayai yote umeyaweka kwenye kapu moja la Windows. Siku ikigoma utafanyaje? Utalia? Tunaweka diski nyingine humu humu, ina mfumo mwingine, Linux. Ukiwasha, inakuuliza unataka upi. Huu ukilala, unaingia kwa ule, faili zako unazisoma kama kawaida."

"Mashine moja, vichwa viwili?" baba aliuliza.

"Kwani wewe una mikono mingapi?"

Baba mdogo akacheka, akasema akirudi tena atakuja na diski yake mwenyewe. Hakurudi. Aliugua, na ugonjwa wake ulikuwa ule ambao miaka ile watu wazima waliutaja kwa kuinamisha sauti. Baba alikwenda kumzika Manyoni. Siku aliporudi alikaa kwenye kigoda bila kuvua koti, na mfuko mmoja wa koti ulikuwa umening'inia kuliko mwingine. Baadaye nilimwona akitoa kitu cha chuma, bapa, kizito kama mche wa sabuni, akakifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

Hapa ni lazima nieleze desturi, kwa wasioijua. Kwetu mtu akifa, vitu vyake haviguswi. Nguo haivaliwi, redio haiwashwi, hata ndara zinakaa. Vinakusanywa vyote, hata vile alivyoacha kwa watu, hadi siku wazee watakapokaa na kugawa. Mtoto wa miaka kumi alilijua hilo kama alivyojua kutoamkia mtu kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilipokiona kile chuma nilijua ni cha nani, na nilijua siku ya kugawa haijafika.

Baba alimwita fundi kutoka Misigiri, kijana anaitwa Yona aliyekuwa akitengeneza redio, na alikuwa amesoma kompyuta miezi michache Singida mjini. Alikuja na mfuko wake wa bisibisi. Alililaza lile boksi la kompyuta juu ya meza, akafungua misumari miwili ya skrubu nyuma, akavuta ubavu wake ukatoka kama kifuniko cha kiberiti. Nilisimama upande wa pili wa meza kumtazama. Ndani kulikuwa na vumbi la mashudu kila mahali.

"Mzee, hapa panahitaji kuku wa kudonoa," Yona alisema.

Baba hakucheka. "Fanya kazi."

Yona alipachika diski ya baba mdogo karibu na ile ya baba, akaziunga kwa waya mmoja bapa, mpana kama utepe. Aliendelea kusema anachofanya, nadhani kwa kujikumbusha mwenyewe. Diski mbili kwenye waya mmoja lazima zipangwe, alisema, moja iwe bwana na nyingine mtumwa, kuna kipini kidogo cha kuhamisha. Zikiwa bwana zote mbili, hakuna kitakachowaka. "Hii ya juu ni yako, mzee, ndiyo bwana. Ya marehemu inakaa chini."

Niliposikia hivyo nilitaka kukojoa. Baba mdogo alikuwa mtu aliyevaa kalamu mbili mfukoni. Kumfanya mtumwa ndani ya sanduku, tena kabla ya siku yake, nilijua hatalipenda jambo hilo.

Yona alihangaika hadi mchana, akizima na kuwasha, akiandika maneno meupe kwenye kioo cheusi. Mwishowe aliita, "Mzee, njoo uone." Kioo kilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulikuwa wa mfumo wa baba, wa pili ulikuwa wa Linux. Chini yake palikuwa na namba, kumi, tisa, nane, zikishuka. Yona alieleza kwamba usipochagua, namba zikiisha itajichagulia ya kwanza. Sikumsikia vizuri. Mimi niliona kitu kimoja: mashine inauliza, nani aje? Na inahesabu.

Tangu siku hiyo sikukaa chumbani namba zikiwa zinashuka. Nilitoka nje nikasimama karibu na mashudu hadi nisikie ule mlio wa mfumo wa baba ukifunguka. Baba alidhani naogopa kelele.

Mara moja tu niliona akichagua wa pili. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kioo kikawa cheusi, likatokea jina, *msengi*, kwa herufi ndogo, na chini yake likaombwa neno la siri. Baba alilijua neno hilo, nadhani mdogo wake alimwambia akiwa mgonjwa. Alilichapa polepole kwa kidole kimoja. Kwenye kioo hakikuonekana kitu, lakini mimi nilikuwa najua herufi, na kidole nilikiona. Lilikuwa jina la bibi. Yaani lilikuwa jina langu. Sasa naona ni jambo la kawaida, mtu kutumia jina la mama yake. Siku ile nilielewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitumika kumfungulia marehemu mlango, bila kuulizwa.

Wiki chache baadaye alikuja shangazi, dada yao mkubwa, na ule mfuko wa mistari ambao hata jina lake ni shangazi kaja. Baba alimtania kuhusu mfuko akampokea. Alikuwa amezunguka kwa ndugu wote akikusanya vitu vya marehemu, na kwetu alikuja kuchukua koti lililobaki kwenye msumari, pampu ya baiskeli na kitabu kimoja cha nyimbo za kanisani. Alivipanga kitandani akavihesabu. Kisha akamtazama baba. Shangazi hakuwa mkali, nisimsingizie, ila alikuwa na macho ya kungoja.

"Kuna kingine?"

"Hakuna, dada."

"Umekumbuka vizuri?"

"Nimesema hakuna."

Shangazi akafunga zipu. "Maana mwenye kubaki na kitu cha Msengi, atajuana naye mwenyewe. Mimi nimepita, nimeuliza."

Alisema kama mtu anayefunga mazungumzo, na nadhani watu wazima wengi husema hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimebeba birika la chai, na nililiweka chini kabla halijaniponyoka. Baba alikuwa amedanganya. Sikuwahi kumsikia akidanganya. Usiku kucha nilimsikiliza akikohoa upande wa pili wa ukuta, nikaamua kila kikohozi ni baba mdogo anajuana naye.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilisema tumbo linauma, wakaenda kanisani bila mimi. Mashine ya alizeti ilikuwa imelala. Nilichukua kisu kidogo cha jikoni, kwa sababu bisibisi hatukuwa nayo, nikaingia ofisini nikafunga mlango. Nilisema kwa sauti, "Shikamoo baba mdogo." Sijui kwa nini. Kimya kilichonijibu kilinitisha kuliko jibu.

Skrubu zilitoka. Nililaza boksi kama Yona alivyolilaza, nikavuta ubavu. Diski zilikuwa mbili, zinafanana kama mapacha. Ya juu bwana, ya chini mtumwa, nilikumbuka vizuri kabisa. Nilichosahau ni kwamba Yona alikuwa upande wake wa meza na mimi upande wangu, na kilichokuwa juu kwake kwangu kilikuwa chini. Kisu kiliteleza, nikajikata kidole, tone la damu likaingia humo ndani, na nikaona basi, nimekwisha kuandikishwa kwa marehemu. Nilivuta waya, nikatoa ile ya chini bila kuigeuza niangalie, nikaifunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Nilikwenda kwenye mfuko wa shangazi, nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti la baba mdogo. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Waliporudi kutoka kanisani walinikuta kitandani. Shangazi aliondoka alfajiri na lori la vitunguu.

Jumatatu baba alivaa shati safi, kwa sababu zilibaki siku mbili bwana ushirika aje. Jenereta ikanguruma. Akawasha. Mimi nilikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza sikutoka, kwa sababu nilijua leo haitauliza, atakuwepo baba peke yake.

Kweli haikuuliza. Hapakuwa na mistari miwili, hapakuwa na namba. Kioo kilikaa cheusi, kikajaa maneno meupe yaliyopanda haraka, kisha yakasimama. Likatokea jina. *msengi*.

Baba alisukuma kiti nyuma. Alizima, akawasha. *msengi*. Akazima tena akakaa na mikono juu ya magoti. Mara ya tatu hakujaribu. Miaka mingi niliamini alikuwa na hasira. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa uso ule, kwa sababu ni uso niliokuwa nao mimi. Alikuwa amedanganya juu ya kitu cha marehemu, na marehemu alikuwa amekuja amekaa mahali pake.

Hakuthubutu kulifungua boksi. Alimtuma mtu amwite Yona. Yona akaja, akafungua, akainama, kisha akainuka polepole.

"Mzee, diski yako haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Imetolewa. Iliyobaki ni ya marehemu."

Nilikuwa nje karibu na dirisha, na magunia ya mashudu mgongoni kwangu, joto lake linapita kwenye nguo. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Na ninaandika hili kwa sababu niliahidi kuwa mkweli: niliweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwepo.

"Ulemo nzima," baba alisema, "ni nani anayejua kulifungua sanduku hili?"

Yona aliweka bisibisi chini. "Mzee, niibe ya kwako nikuachie ya marehemu? Mwizi gani huyo?"

"Mwizi anayejua ipi ina kazi za watu."

"Mimi nina mama yangu Misigiri, mzee. Kila mtu ananijua."

"Basi akujue vizuri zaidi. Mfuko wako unabaki hapa mpaka diski irudi."

Akauchukua ule mfuko wa bisibisi. Watu wa mashine walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja akasema, "Fundi umefunguliwa wewe leo," wakacheka. Yona alipita karibu yangu mikono mitupu. Alinitazama, akaniambia, "Usilie, mdogo wangu, itapatikana." Alidhani nalilia kazi ya baba.

Bwana ushirika alikuja, akaondoka bila karatasi. Baba alisimama mbele ya wale wakulima akasema kosa ni lake, hakumtaja Yona, hilo nalo liandikwe. Mmoja wao, mzee mwenye watoto wengi, alisema tu, "Tungeandika kwa mkono," na hilo lilimuumiza baba kuliko tusi. Siku ya tatu alitoa begi lake la zamani la ushirika. Aliweka mashati mawili, blanketi, wembe. Siku ya kugawa vitu huko Manyoni ilikuwa imefika, ilibidi twende wote wawili, na Manyoni ndipo inapopita treni ya kumpeleka machimboni.

"Utakaa kwa shangazi," aliniambia ndani ya basi. "Ni muda tu."

Nilitaka kumwambia. Kila kilima nilisema baada ya kilima hiki. Lakini nilijua kumwambia ni kumwambia pia kwamba nilimsikia akidanganya, na hilo lilionekana kubwa kuliko diski.

Walitandika mkeka uani kwa shangazi. Vitu vya baba mdogo vilikuwa vichache kuliko nilivyofikiri mtu anakuwa navyo. Aliyegawa alikuwa mdogo wake babu, tuliyemwita Babu Stesheni kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa reli hadi akazeeka. Shangazi alinyanyua kitu kimoja kimoja, babu akataja jina, aliyetajwa akaja mbele akapokea kwa mikono miwili. Nguo ilikuwa ni lazima uivae pale pale, wote waone. Begi la baba lilikuwa limeegemea mlango. Nilikuwa nalitazama hilo zaidi kuliko mkeka.

"Koti," babu alisema. "Koti linakwenda kwa kaka yake."

Baba alikwenda mbele. Akaingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili, akalivuta begani likae. Halikukaa. Upande mmoja ulining'inia, sawasawa kama koti lake mwenyewe siku ile aliporudi kuzika. Alitia mkono mfuko wa ndani akatoa kifurushi. Akakifungua. Kulikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kile chuma, na juu yake baba alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: KAZI.

"Ni nini hicho?" babu aliuliza.

Baba aligeuka akatazama nyuma yake, ukutani, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sijaona mtu mzima akiogopa namna ile, wala kabla wala baadaye. Angeweza kukitia mfukoni tena na kukaa chini, hakuna ambaye angejua, kazi yake ingekuwa imerudi. Lakini niliona kwamba yeye anadhani kimetoka kwa marehemu, na kwamba anangoja mtu amwambie sivyo. Nadhani nilisema kwa sababu hiyo tu. Si kwa ajili ya Yona. Ningependa kusema ilikuwa kwa ajili ya Yona.

"Baba, ni mimi."

Watu wote waligeuka.

"Ni mimi niliiweka. Nilitaka kumrudisha baba mdogo. Nikakosea nikakutoa wewe."

"Kumrudisha?" Babu Stesheni alinitazama, kisha akamtazama baba. "Kwani alikuwa kwenu?"

Shangazi alirudisha pampu mkekani.

Shangazi alisema taratibu, "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, dada."

"Ukasema hakuna."

"Nilisema."

"Nikakuuliza tena."

"Ndiyo, dada."

Baba akavua koti. Akaeleza yote, tangu alipochukua diski mezani kwa marehemu watu wakiwa makaburini bado. Babu alisikiliza akiwa amefumba macho. Akauliza, "Hicho chombo chake kina nini?"

"Kina mfumo aliouweka mwenyewe. Ukiwasha kinaandika jina lake."

"Na wewe ulitaka nini nacho?"

Baba alilikunja koti mkononi. "Nilitaka kiandike," alisema.

Shangazi akafunika uso kwa upande wa khanga. Babu akasema kwamba kama baba angeomba, angepewa, ni nani mwingine hapa angejua hata pa kukishika. Kosa lake ni kuogopa kuomba. Akamwambia avae koti tena, na akatangaza mbele ya wote kwamba diski ya Msengi, iliyoko Ulemo, imekwenda kwa kaka yake. Kisha akataja pampu ya baiskeli. Iliishia hapo. Mimi nilikuwa nangoja fimbo, na haikuja, na sikujua nikae wapi.

Kesho yake baba alinyanyua begi mlangoni. Hakusema tunakwenda wapi. Alishika mpini mmoja, wa pili akaninyooshea mimi, tukatembea nalo hivyo, yeye mrefu mimi mfupi, begi likienda upande, na tulipofika njia panda ya stesheni na stendi ya mabasi akakata kwenda kwenye mabasi.

Tulishukia Misigiri kwanza, nikangoja hapo hadi baba alipoufuata mfuko wa Yona Ulemo na kurudi nao siku ile ile. Yona alikuwa kwenye benchi lake. Baba alivua kofia. "Mwanangu ndiye aliyefungua. Nilikuvunjia jina, nisamehe."

Yona aliupokea mfuko, akazihesabu bisibisi zake. "Siku zote hizi nimefungua redio za watu kwa kisu cha mezani, mzee."

"Najua."

"Hujui," Yona alisema. Kisha akaniangalia. "Na wewe ulifungulia nini?"

"Kisu cha jikoni."

Nilidhani atacheka. Midomo ilitaka. Lakini hakucheka, na hakuja tena Ulemo, hata baba alipomwita kwa kazi nzuri, na sidhani kama alikosea.

Kikundi kiliandikishwa kwa majina ya mkono, yaliyoandikwa kwenye daftari la shule. Baba aliyachapa baadaye hata hivyo, yote. Ofisi ilisimama miaka kadhaa, si kwa uzuri, ikachechemea hadi jenereta ilipoondolewa. Machimbo hakwenda.

Diski yake niliirudisha mimi. Alinipa bisibisi mpya akasema, "Ulivyoitoa, irudishe," akasimama nyuma yangu. Safari hii nilimwuliza nisimame upande upi. Jenereta ikanguruma, mistari miwili ikarudi, namba zikaanza kushuka. Nilitaka kutoka nje, akaniwekea mkono begani. Si kwa nguvu. Tulitazama wote hadi ziro, wala hakuna aliyegusa kitu.

Baba amefariki mwaka huu, siku ya kugawa haijafika. Wiki iliyopita shangazi alikuja kukusanya, mzee sasa, mfuko ule ule au ndugu yake. Alikunja koti, lile lile, akapanga miwani na kofia. Ile kompyuta ilikufa zamani, lakini diski mbili nilizihifadhi kwenye kopo la biskuti, na karatasi ya KAZI ilikwisha kubanduka, sijui tena ipi ni ya nani. Shangazi akafunga zipu nusu, akanitazama kwa yale macho ya kungoja.

"Kuna kingine?"

"Kipo, shangazi," nilisema, nikaenda kulileta kopo.